Uhakiki wa Gemu Kutoka Kwenye Benchi la Kibanda



Jirani yangu wa Tandika aliposikia naandaa mhadhara kuhusu gemu za PlayStation, yaani PS, aliniuliza kama nchi imeishiwa mambo ya maana. Nikamwambia, mwanao yuko kwenye kibanda cha gemu tangu saa nane mchana, na sasa hivi ni saa kumi na moja. Kitu kinachomkalisha mtoto saa tatu bila kuomba chakula kina maana, utake usitake. Hakunijibu, alikwenda kumtoa. Nasikia mtoto alikuwa anaongoza mabao mawili kwa sifuri.

Uhakiki wa gemu kwa wenzetu ni kazi ya mshahara. Jarida la Kijapani la Famitsu, lililoanza mwaka 1986, huwapa wahakiki wanne gemu moja. Kila mmoja anatoa alama kati ya 10, zinajumlishwa, gemu inapata alama zake kati ya 40. Tangu 2001 tovuti ya Metacritic nayo inakusanya alama za wahakiki kutoka sehemu nyingi na kuzigeuza wastani mmoja kati ya 100. Wastani huo una nguvu ya kumlaza mtu njaa. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian ilikamilisha Fallout: New Vegas kwa makubaliano kwamba wastani ukifika 85 watalipwa bonasi. Ukaishia 84. Watu waliofanya kazi usiku na mchana walikosa bonasi kwa alama moja, na alama yenyewe ilitoka kwa wahakiki ambao huenda hawakujua kuna mkataba wa namna hiyo.

Sasa tazameni swali ambalo uhakiki huo unalijibu. Gemu mpya ya PS3 au PS4 iliuzwa Marekani dola 60. Ilipokuja PS5, mwishoni mwa 2020, nyingi zikapanda hadi 70. Dola 60 kwa fedha yetu ya miaka ya karibuni ni karibu shilingi 150,000. Mtu anayetaka kutoa fedha hiyo ana haki ya kuuliza kwanza: nitoe au nisitoe? Gemu ina saa ngapi za kucheza? Hadithi ni ndefu kiasi gani? Ina tofauti gani na ya mwaka jana? Ni maswali ya mnunuzi, na majibu yake ni ya mnunuzi.

Mbagala Rangi Tatu nani ananunua gemu? Mwenye kibanda ananunua, au anapata diski ya kuchoma iliyoandikwa jina kwa maka peni, haina jalada wala kijitabu cha maelekezo. Kijana wa kwenye benchi hanunui gemu. Ananunua muda, au mechi. Ana jero mfukoni na anataka kujua jero hiyo aifie wapi. Ndiyo maana nasema gemu inayochezwa kibandani ni tofauti na ile iliyohakikiwa London au Tokyo, hata diski ikiwa ileile. Uhakiki wake upo tayari. Unafanywa kila siku kwa mdomo na watu waliokaa wanasubiri zamu. Hatujauandika tu.

Kwa wazazi ambao hamjawahi kuinama mkaingia humo, kibanda ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, au kontena, au mabati yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa duka. Kuna runinga tatu au nne. Zamani zilikuwa za chogo, siku hizi nyingi ni bapa. Mbele ya kila runinga kuna benchi la watu wanne ingawa pedi ni mbili. Pedi imefungwa soletepu kiunoni, na kitufe cha X kimezama kwa sababu ndicho cha kupigia pasi. Ukutani kumeandikwa HAKUNA KUKOPA, na chini yake UKIVUNJA PEDI UTALIPA. Feni ni moja, nayo imeelekezwa kwenye mashine. Mashine ikipata joto biashara inasimama, binadamu akipata joto anavua shati. Kwenye mpira aliyefungwa anapisha, mshindi anabaki. Gemu nyingine hulipiwa kwa dakika, na saa ya ukutani ni mali ya mwenye kibanda, hivyo haina rufaa. Umeme wa LUKU ukikatika katikati ya mechi, hapo ndipo mtajua nani kati yenu alisoma sheria.

Kwenye chumba hicho gemu inahukumiwa kwa vigezo ambavyo Metacritic haivijui. Je, mtu akiikamata kwa mara ya kwanza, ndani ya dakika tano anaelewa? Maana hakuna wa kumsomea menyu ya Kiingereza, na wakati mwingine diski ni ya Kijapani. Watoto hukariri kwamba mechi ya kirafiki iko mstari wa ngapi kutoka juu, wakabonyeza. Je, wawili wanacheza pamoja? Gemu ya mtu mmoja inamkausha mwenzake. Na wale wawili wengine wasio na pedi, wanaona nini? Hiki cha mwisho ndicho kigezo kikubwa kuliko vyote, kwa sababu katika saa yoyote kibandani watazamaji si wachache kuliko wachezaji, na hao ndio wahakiki.

Desturi hii haikuletwa na Sony. Tazameni bao: mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na wapambe saba wamewazunguka kila mmoja anajua kuliko mchezaji. Mtu yuko kwenye namua, hajafika hata mtaji, tayari ameshaambiwa nyumba yake imekufa. Benchi la kibanda limerithi midomo ya kijiwe cha bao, na ni urithi mzuri. Uhakiki wa hadharani, mbele ya anayehakikiwa, una adabu yake: ukisema upuuzi unakabidhiwa pedi uonyeshe.

Nianze na mpira, kwa kuwa nisipoanza nao hakuna atakayesikiliza mengine.

Kwa miaka mingi mpira wa kibandani ulikuwa wa kampuni ya Konami, ule ambao wengine waliuita Winning Eleven na wengine PES. Toleo la sita lilitoka 2006 na kwangu mimi ndilo lililokamilika kuliko yote yaliyofika kwenye PS2. Mpira una uzito. Ukimpa pasi mtu aliyegeuka nyuma, anachelewa kama anavyochelewa mtu wa kweli. Beki mzito akipigwa chenga anachukua hatua mbili kugeuka, na katika hatua hizo mbili unasikia benchi zima likivuta pumzi. Wahakiki wa Ulaya waliisifu kwa hayo hayo. Lakini kuna kasoro waliyoiona kama utani na benchi likaiona kama tatizo la haki: Adriano. Yule Mbrazili wa Inter Milan alipewa nguvu ya shuti 99. Ukimpata hatua 30 kutoka golini, ukashika mraba, kitufe cha shuti, kwa mguu wake wa kushoto, kipa alikuwa mtazamaji mwenzetu. Nimekaa kwenye kibanda ambako Inter ilipigwa marufuku. Hakuna aliyeandika barua Tokyo. Watu waliona gemu ina kasoro, wakaitungia sheria, wakaendelea. Mnaniuliza uhakiki ni nini. Mimi sijui mfano ulio bora kuliko huo.

Konami hawakuwa na leseni za timu nyingi, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red. Kwa mhakiki wa Uingereza hilo lilikuwa doa. Kwetu lilifungua mlango, kwa kuwa gemu ilikuja na sehemu ya kuhariri: unabadilisha jina, unachora jezi, unahamisha mchezaji. Wenye vibanda walikesha wakisahihisha majina, na wengine wakaenda mbele wakavalisha timu jezi nyekundu za Simba wa Msimbazi na za kijani na njano za Yanga wa Jangwani. Fikirini kwamba Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa 2007 ukiwa na nafasi ya watu 60,000, uko hapahapa Temeke, unasikia makelele yake ukiwa kibandani Keko. FIFA, gemu ya kampuni ya EA, iliweza kuwaweka Kaizer Chiefs na Orlando Pirates wa Afrika Kusini kwa miaka. Simba na Yanga, wenye wapenzi wa kujaza uwanja ule, ilibidi wachorwe kwa pedi usiku na mtu ambaye asubuhi anafungua kibanda.

FIFA ilipoanza kushinda, ilishinda kwa sura. Nyuso, majina, majezi, sauti za mashabiki. Kwa watazamaji wa benchi hiyo ni sababu tosha, kwa sababu wao hawana pedi ya kuhisi uzito wa mpira. Kwa wachezaji uhamisho ulikuwa mchungu kwa jambo dogo ambalo sijaona likipewa umuhimu kwenye uhakiki wa nje: PES unapiga shuti kwa mraba, FIFA unapiga kwa duara, na mraba ni krosi. Mtu mzima mwenye mke na watoto yuko uso kwa uso na kipa, anabonyeza mraba, mpira unaelea kwenda kibendera. Msimu mzima walifungwa watu hivyo mpaka wenye vibanda walipogundua mpangilio wa vitufe unabadilishwa.

Wahakiki wa nje wana ugomvi mkubwa na EA kuhusu Ultimate Team, ule mfumo ulioanza 2009 wa kununua pakiti za wachezaji bila kujua ndani kuna nani. Ubelgiji iliamua pakiti za aina hiyo ni kamari, na mapema 2019 EA wakaacha kuuza huko pointi za kuzinunulia. Ugomvi ni wa haki. Kibandani haupo, maana mashine haijaunganishwa na intaneti. Kamari yetu iko mlango wa pili, kwenye ile mashine ya kumeza sarafu, na mzazi anayezichanganya hizi mbili awe mwangalifu: kwenye PS mwanao ananunua dakika na anazipata zote.

Konami wenyewe walijikwaa. Tarehe 30 Septemba 2021 walitoa eFootball, bure, nyuso zimepinda, wachezaji wanapitana kama vivuli. Kwa muda ikawa gemu yenye maoni mabaya kuliko zote kwenye duka la Steam, na kampuni ikaomba radhi. Vibanda havikutikisika. Kibanda hakilazimiki kuhamia toleo jipya. PS2 zilizosimamishwa kutengenezwa mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, ziliendelea kula umeme wa Yombo na Buza kwa miaka. Ambacho eFootball imefanya ni kuingia pia kwenye simu, na hapo ndipo tishio lilipo: sasa mtoto anacheza peke yake, amejikunyata barazani, bila mtu wa kumwambia beki wake amelala.

Nikiulizwa gemu bora ya kibandani ni ipi nitawaudhi watu wa mpira, kwa kuwa jibu langu ni Tekken. Raundi ni fupi. Hakuna cha kusoma. Miili miwili mikubwa katikati ya kioo, na aliye mwisho wa benchi anaona kila kitu. Maskini wa sarafu moja anapata pambano kamili lenye mwanzo na mwisho, jambo ambalo hadithi ya saa 30 haiwezi kumpa. Tekken 3 ilipoingia PlayStation ya kwanza mwaka 1998 ilimleta Eddy Gordo, Mbrazili wa kapoera ambaye mtu asiyejua kitu, akibonyeza X na duara ovyo, anaonekana bingwa. Benchi lilimpa sifa yake inayomstahili: ukishinda kwa Eddy hujashinda. Ila naona waundaji walikuwa na akili. Mgeni anahitaji kushinda mara moja ili arudi kesho, na Eddy ndiye aliyewarudisha wengi. Hadithi ya Tekken, ya Heihachi kumtupa mwanawe Kazuya kwenye korongo, benchi linaijua nusu. Linajua baba na mtoto wana kesi. Chanzo cha kesi halina muda nacho.

Gemu za magari nitazipita upesi. Need for Speed: Most Wanted ya 2005 ina sauti nzuri na ile BMW ya fedha na bluu kila mtu anaijua, lakini gawanya kioo cha chogo mara mbili uone kama kuna mtu anaiona barabara.

San Andreas inanihitaji nikae. Ilitoka Oktoba 2004 kwa PS2, kazi ya Rockstar North wa Edinburgh, na wahakiki waliiweka juu kabisa kwa ukubwa wake: miji mitatu, mashamba, jangwa, mwaka 1992. Hadithi ni ya Carl Johnson, CJ, anayerudi nyumbani Grove Street kumzika mama yake, akasimamishwa njiani na Tenpenny, polisi mla rushwa. Inamalizikia kwenye ghasia za mji mzima, mwangwi wa zile za Los Angeles za mwaka ule. Ni hadithi nzito, na askari Tenpenny ni mmoja wa wahusika waovu walioandikwa vizuri kwenye gemu yoyote.

Kibandani hakuna anayefika huko. Kufika kunataka kusevu, na kusevu kunataka memori kadi, ambayo ni moja, ya mwenye kibanda, nafasi yake megabaiti 8. Umecheza misheni sita, umelipia. Kesho unakuta mwingine amesevu juu yako. Nimewahi kumwona kijana wa Mwananyamala amekaa nje ya kibanda kama mtu aliyefiwa kwa sababu hiyo, na sikuthubutu kumwambia ni gemu tu. Kwa hiyo watu waliitafsiri San Andreas upya. Waliacha hadithi, wakachukua mji. Mtoto anaingia, mwenzake anamwimbia kutoka kwenye daftari: R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Silaha zinamwagika. Kisha anatembea. Anapanda baiskeli, anaingia vichochoro, anaangalia jua linavyozama kwenye mji wa Los Santos. Dakika zikikaribia kwisha ndipo anawasha fujo, ili afe na muda wake uishe pamoja.

Mzazi ananiuliza kuhusu damu. Gemu ina alama ya umri wa miaka 18 na sitaifuta kwa maneno matamu. Mtoto wa miaka tisa hana kazi humo, na mwenye kibanda anayempa pedi analijua hilo vizuri kuliko mimi. Lakini mhakiki hawezi kuishia kwenye damu. Gemu hii ilikuwa ya kwanza, kwa wengi wetu, kuonyesha kijana mweusi wa mtaani kama kitovu cha dunia nzima iliyochorwa kwa gharama, anayenenepa akila ovyo na kujaza misuli akienda jimu, mwenye mama aliyemlilia na dada anayemgombeza. Na ni gemu hiyohiyo inayomwambia kwamba kazi zilizopo mtaani kwake ni bunduki na wizi wa magari. Anayeandika sifa akaacha lawama, au lawama akaacha sifa, hajaicheza.

Walimu mliopo mtasema tunacho chombo cha kazi hii. Kila aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha nne anajua fani na maudhui: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, halafu dhamira, migogoro, ujumbe, mtazamo, falsafa. Nimejaribu kukitumia. Kwa God of War kinafanya kazi: Kratos, aliyeidanganya miungu au kudanganywa nayo, ana migogoro ya kujaza kurasa, na tangu toleo la kwanza la 2005 kamera inavyomfanya mdogo mbele ya mahekalu ni fani ya hali ya juu. Kwa Tekken kinakwama. Mgogoro wake hauko kwenye hadithi, uko kwenye vidole, kwenye sekunde ambayo unaamua kukinga juu na mwenzako amepiga chini. Safu ya sheria na mkono haipo kwenye fomu yetu ya uhakiki, kwa sababu riwaya haibadiliki ukiishika vibaya. Ninapendekeza safu hiyo iongezwe kabla ya zote, na wa kuijaza awe mchezaji. Mwalimu wa fasihi aje baadaye na dhamira zake.

Nimebakiza gemu zinazotuhusu kwa jina na kwa mahali, na hapa wahakiki wa nje wanatudai au sisi tunawadai, sijui.

Orodha inashangaza. Metal Gear 2 ya 1990 inatokea kwenye nchi iitwayo Zanzibar Land, ambayo haina karafuu wala bahari yetu. Wameiweka Asia ya Kati. Muziki wa Civilization IV, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ni sala ya Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa wa kwanza kutoka kwenye gemu kupata Grammy. Na kuna Halo. Halo 2, ya Novemba 2004, inampeleka shujaa wake kwenye vita katika New Mombasa, mwaka 2552. Ramani moja ya kupigania inaitwa Zanzibar. Halo 3, ya 2007, ina misheni kwenye barabara ya Tsavo na mapigano Voi. Halo 3: ODST, ya 2009, inakutembeza usiku kwenye New Mombasa iliyohamwa, mvua inanyesha, saksafoni inalia kwa mbali. Kampuni ya Marekani imeipa Pwani ya Waswahili mustakabali wa miaka 500, na lifti ya kupandia angani juu yake.

Wahakiki waliisifu Halo kwa kurasa nyingi. Ni wangapi walijiuliza wenyeji wa mji huo wako wapi? Kwenye Halo 2 unapita Mombasa ya Kale mlango kwa mlango na humkuti mtu anayekusalimu. Mji umeshatolewa watu, umebaki kuta za kujificha. ODST ilijitahidi zaidi. Ukipita kwenye simu za barabarani unasikia vipande vya kisa cha msichana Sadie Endesha, anayemtafuta baba yake siku mji unapoanguka. Nakiona ni kitu bora kilichomo katika gemu ile, na kimefichwa pembeni, wa haraka hakisikii. Ila Halo hizo zilikuwa za Xbox, na vibanda vyetu ni vya PS. Mtoto wa Kigamboni anayeiona bahari ileile ya Mombasa hajawahi kuicheza.

Ile aliyoicheza ni Resident Evil 5. Capcom waliitoa Machi 2009 kwa PS3 na Xbox 360. Chris Redfield, Mmarekani, anatua Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi, ambako wenyeji wameingiwa na vidudu na kugeuka Majini wenye mapanga na mashoka. Tangu kionjo chake cha 2007 kulikuwa na mabishano Marekani: mzungu mmoja, kundi la weusi, risasi. Kampuni ilimpa Chris mwenzake Mwafrika, Sheva Alomar, na bado kwenye vinamasi ukakuta watu wa mikuki na sketi za majani, kama vile wachoraji walifungua kitabu cha mwaka 1900.

Kitu ambacho sijakiona kwenye mabishano hayo ni kwamba Majini wale wanapiga kelele kwa Kiswahili. Nchi ni ya Magharibi, lugha ni ya Mashariki, na baadhi ya mazimwi wanaitwa Kipepeo na Popokarimu. Mchezaji wa Chicago anasikia makelele ya kutisha yasiyo na maana. Mchezaji wa Temeke anawaelewa. Kati ya wote waliomo kwenye kioo, wanaosema lugha yake ni wale anaotakiwa kuwapiga risasi. Nimeona benchi likicheka hapo, kicheko kikubwa, watu wanawaiga Majini na kujibizana nao. Sikuona aliyekasirika. Mimi nilikasirika, na nikajiuliza hasira yangu inamsaidia nani pale ambapo watu wameshajua kuinyang'anya gemu silaha yake kwa kuicheka.

Na gemu hiyo, niseme ukweli, imeundwa kama iliyoagizwa na mwenye kibanda. Kioo kinagawanyika, wawili wanacheza pamoja, mmoja Chris mwingine Sheva. Wanagawana risasi na dawa, mmoja akianguka mwenzake anamkimbilia kumnyanyua. Vijana wasiofahamiana nimewaona wakiamriana na kuombana radhi ndani ya dakika kumi. Kwa upande wa mkono ni miongoni mwa gemu bora za wawili za PS3. Kwa upande wa jicho, inatutazama kwa namna ambayo tusingevumilia kwenye riwaya ya kidato cha tatu. Mhakiki wa Metacritic atazijumlisha hizo mbili, atagawa kwa mbili, atapata namba ya katikati isiyoeleza mkono wala jicho. Mimi ningeandika zote mbili kwa urefu wake, kwa Kiswahili kilekile cha Majini, nikaibandika ukutani chini ya HAKUNA KUKOPA, na nikasimama pembeni nisikilize benchi linaisemaje.